Paa Moja na Mama Mkwe, Mjini Florence

Tangu gazeti litoke wiki jana na kisa changu, sina amani hapa mtaani Manyatta. Naketi kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio, mtu anakuja na redio nzima isiyo na ubovu wowote, anaiweka mezani, kisha ananiuliza habari za mama mkwe. Juzi mwalimu mmoja alitoka Maseno makusudi kuja kuniona.

"Bwana Dalmas," akasema, "niambie kitu moja tu. Aoko yuko nyumbani ama alirudishwa kwao?"

Nikamwambia anunue gazeti kama wenzake.

Kwa waliochelewa, nitasema kwa kifupi. Mama mkwe wangu, Mama Dorca, muuza samaki wa Kombewa, alishinda bahati nasibu ya sabuni. Zawadi ilikuwa safari ya meli ya kitalii kwa watu wawili, kutoka Mombasa mpaka Italia, na mwisho wake kutembezwa katika miji ya huko. Wa pili alikuwa awe binti yake, yaani mke wangu Aoko. Lakini Aoko alikuwa na mimba kubwa, meli ikakataa kumbeba, jina langu likaandikwa mahali pake. Mathenge, mwenye duka pale mjini Kisumu aliyetuuzia hiyo sabuni, naye akapewa tiketi ya muuzaji.

Sasa, kila Mjaluo anajua, na asiye Mjaluo ajue leo: mtu na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Ni mwiko. Ukiuvunja unaleta chira, na chira ni balaa lisilochagua. Hata mtoto aliye tumboni linampata.

Kabla hatujaondoka, Mzee Obiero, mdogo wa marehemu baba mkwe, alinishika mkono mbele ya ukoo mzima. "Dalmas," akasema, "ile siku utalala nyumba moja na huyu mama, Aoko anarudi kwetu hiyo hiyo siku. Na hatutaki maneno."

Nampenda Aoko. Nampenda kuliko redio zote za dunia. Nilikubali, na ndiyo sababu wiki jana mliniacha nimelala ndani ya mashua ya kuokolea watu, iliyoning'inizwa nje ya meli, nikinyeshewa mpaka Genoa.

Haya.

Tuliteremka Genoa asubuhi, mimi nikiwa na kikohozi ambacho kilifanya abiria wengine wanipishe njia. Tulipokewa na kiongozi wa watalii, mama mmoja Mwitaliano aliyeitwa Lucia. Alikuwa na mwavuli mwekundu ambao haukufunguliwa hata mvua iliponyesha. Kazi ya mwavuli ule ilikuwa kuinuliwa juu tupate kuufuata.

Lucia alisema Kiingereza. Mathenge alikitafsiri kwa Kiswahili, akiruka pale alipochoka. Na huyo Mathenge ndiye aliyekuwa pia daraja kati yangu na mama mkwe, kwa maana mimi na yeye hatukuzungumza ana kwa ana. Haikuwa ugomvi. Ilikuwa heshima.

"Mathenge," Mama Dorca akasema tulipopita soko la samaki, "uliza mkwe wangu kama anaona kile mimi naona."

"Dalmas, unaona kile mama anaona?"

"Mwambie naona."

Ilikuwa omena, wale dagaa wa ziwani kwetu. Omena halisi, labda imenenepa kidogo, imepambwa juu ya barafu kama bibi harusi. Mama Dorca akaishika, akainusa, akamtazama mwenye kuuza kwa huruma.

"Hii hawajaanika," akasema. "Itaharibika hii. Mwambie atandike neti hapo kwa jua, nitamwonyesha."

Lucia aliinua mwavuli. Basi likatupigia honi. Tukamwacha yule Mwitaliano na omena yake mbichi.

Kutoka Genoa tukaenda Pisa.

Pale Pisa kuna mnara mrefu mweupe ambao umeinama. Mathenge alitafsiri kwamba umeinama hivyo kwa miaka mia nyingi, na watu hulipa kuja kuutazama.

"Wanalipa?" Mama Dorca akauliza. "Mwenye hii nyumba yuko wapi?"

"Alikufa zamani, Mama."

"Na watoto wake? Hakuacha kijana hata moja wa kuweka nguzo?"

Kabla Mathenge hajajibu, mama mkwe alikuwa ameona jambo lingine. Pale kwenye majani walisimama Wazungu na Wajapani wengi, kila mmoja ameinua mikono hewani, ameikaza, kana kwamba anausukuma ule mnara usianguke. Wenzao walikuwa wakiwapiga picha. Ni mchezo wa watalii, kila mtu hufanya, lakini nani alimwambia Mama Dorca?

"Uwi!" akapiga kelele. "Inaanguka! Watu wanashikilia na sisi tunaangalia tu?"

Akafunga leso kiunoni. Akapita kwenye kamba iliyozuia watu. Akafika mpaka kwenye mnara wenyewe, akauwekea mabega yake mawili, yale yaliyobeba karai za samaki tangu ujana wake, na akaanza.

"Harambee!"

"Heee!" Mathenge akaitika bila kujizuia, maana Mkenya akisikia neno hilo mdomo hujibu wenyewe.

"Harambee!"

Sasa Wajapani nao wakaitika. Nami nikatupa koti nikakimbia kusaidia, nikajitia mbele zaidi, chini kabisa ya pale mnara ulikoinamia. Mama Dorca akaniona akaacha kusukuma.

"Mathenge! Mwambie mkwe wangu atoke hapo! Ikianguka itamwangukia yeye, na Aoko atabaki mjane na mtoto hajaona baba!"

Niliposikia hivyo nilitoka, na macho yangu yalikuwa na machozi, siwadanganyi. Katika safari yote nilidhani mama huyu ananivumilia tu. Kumbe ananijali.

Askari wa pale wakaja na filimbi. Lucia aliwaeleza mambo kwa mikono yote miwili, nasi tukarudishwa kwenye basi. Mama Dorca alitembea mbele kwa fahari, kwa sababu mnara haukuanguka.

Jioni tukafika Florence.

Hapo, ndugu msomaji, kama una mama mkwe, usiende. Mji ni mzuri, makanisa ni makubwa, lakini wenyeji wana tabia ya kuchonga watu bila nguo. Lucia alitupeleka kwenye jumba moja la kutazama sanamu. Mimi nilipita kushoto, mama mkwe akapita kulia na Mathenge, kwa heshima ile ile. Hatukujua kwamba njia zote mbili zinakutana mahali pamoja.

Zilikutana miguuni pa kijana wa mawe, mrefu kama nyumba, uchi wa mnyama.

Mimi nilimtazama yule kijana. Mama mkwe alimtazama yule kijana. Kisha tukaonana.

Nataka muelewe hatari ya saa ile. Mwanamume hasimami na mama mkwe wake mbele ya jambo kama lile. Mbuzi wakipandana njiani, mmoja wenu hujifanya anafunga kiatu. Nikageuka haraka niangalie ukuta. Ukutani kulikuwa na mama wa mawe, naye hakuvaa kitu.

"Mathenge!" Mama Dorca akalia. "Mkwe wangu yuko hapa! Funikeni huyu kijana!"

"Mama, hii ni jiwe."

"Jiwe gani iko na hiyo?"

Akavua leso yake ya begani, akairusha juu kwa nguvu. Kijana alikuwa mrefu mno. Leso ikafika kwenye goti, ikateleza, ikaning'inia kwenye kidole cha mguu. Akaiokota akarusha tena. Watalii wakapiga makofi. Filimbi ikalia, mara hii askari walikuwa wengi kuliko wa Pisa, na mimi muda wote nimefunga macho nikiwa nimeshika nguzo, nikikohoa.

Tulitolewa nje. Leso ilirudishwa na askari mmoja aliyekuwa akicheka mpaka kofia inamwanguka.

Aibu ile ilinimaliza. Wakati wa chakula cha jioni waliniletea divai, nikajikumbusha kwamba divai imo ndani ya Biblia, nikanywa. Waliponiongezea nikakumbuka arusi ya Kana.

Ndipo Lucia akaja na funguo za vyumba. Nikakataa wangu.

"Kwa nini?" akauliza.

"Mathenge, mweleze."

Mathenge akaeleza. Alieleza kwa muda mrefu. Lucia alinitazama, akatazama dari, akasema chumba kimekwisha kulipiwa, kina kitanda kizuri, na hoteli aliyotuchagulia haina makosa yoyote. Akaniwekea ufunguo mezani akaenda zake kwa hasira.

Mimi nilikuwa na mpango. Dereva wa basi letu alikuwa mtu mwema. Basi lilikuwa limeegeshwa kwenye uwanja wa wazi, ng'ambo ya barabara, mbali kabisa na paa la hoteli. Nilimwomba kwa ishara, akanielewa, akaniachia mlango wazi na blanketi.

"Mathenge," nikamwambia, "mwambie mama mkwe nimelala nje, kwa gari. Asilale na wasiwasi."

"Hiyo ni kazi ndogo," akasema.

Na kwa kweli ilikuwa kazi ndogo. Ndiyo maana aliisahau. Aliona duka la mikoba ya ngozi kabla halijafungwa, akaingia kupigania bei, na sisi tukamtoka akilini.

Nikaenda kwenye basi. Nikajilaza kwenye kiti kirefu nyuma ya dereva, nikajifunika blanketi mpaka kichwani. Kwa divai ile na uchovu ule, hata ungenibeba ukanitupa ziwani nisingejua.

Asubuhi niliamshwa na mngurumo. Nikajua dereva amewasha injini. Nikangoja gari lisogee. Halikusogea. Mngurumo ukapanda, ukashuka, ukakwama kidogo, ukaendelea. Mimi ni fundi, nikaanza kuusikiliza kwa makini. Injini hii ina shida ya hewa, nikasema moyoni.

Kisha injini ikapiga chafya.

Nikafunua blanketi polepole. Kwenye kiti cha nyuma kabisa, chini ya leso ninayoifahamu, alikuwa amelala mama mkwe wangu.

Nilitaka kutoka kwa kutambaa. Kikohozi kikanisaliti.

"Nyasaye!" sauti ikatoka nyuma. "Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza bila Mathenge tangu Mombasa.

"Wewe nani?"

"Dalmas."

"Dalmas gani?"

"Wa Aoko."

Akavuta leso akajifunika uso wote. Mimi nikajifunika blanketi. Tukaongea hivyo, kila mmoja ndani ya nguo yake.

"Kwani wewe unafanya nini hapa?"

"Nimelala hapa, Mama. Ili wewe ulale hotelini."

"Mimi? Huyo Lucia alikuja kwa chumba yangu, akafanya hivi na kidole, juu, juu, akasema Dalmas! Akaweka mikono kwa shavu, hivi, ya kulala! Juu ya kichwa yangu kabisa! Si ndio nikatoka, nikuachie nyumba!"

Nikaelewa yote: Lucia alikuwa akimtuliza tu, kwamba mimi niko ghorofa nyingine. Hoteli ile ilikuwa na vyumba visivyohesabika na ghorofa juu ya ghorofa. Kila mmoja wetu alikimbia paa lake kwa heshima ya mwenzake. Na kwa heshima hiyo hiyo tukajipeleka wote wawili chini ya paa dogo kuliko yote mjini Florence.

"Toka kwanza," akaniambia.

"Mlango uko karibu nami, Mama. Nikisimama utaniona."

"Basi nitatoka mimi. Lala chini, usiinue kichwa."

Nikalala chini kati ya viti. Nilisikia hatua zake zikija, zikasimama karibu na kichwa changu, maana njia ilikuwa nyembamba na yeye si mwembamba. Akawa hana pa kupita. Mimi chini, yeye juu yangu ameshika viti, amefumba macho, anaomba Mungu kwa Kijaluo.

Mlango ukafunguliwa. Wenzetu wote wa safari walikuwa nje na mizigo yao, Mathenge mbele na mkoba mpya wa ngozi.

"Ngai!" akasema. Halafu akatoa kamera.

Nilimfuata mpaka kwenye ngazi za hoteli nikimwomba anipe hiyo filamu. Mama mkwe alimfuata kwa leso.

"Kwani kuna nini?" Mathenge akasema, akiruka huku na huku. "Hiyo ni gari! Basi ya usiku ya Nairobi inabeba watu wangapi? Hakuna mtu na mama mkwe wake ndani?"

"Hao wanakaa kwa kiti!" Mama Dorca akamjibu. "Wanasafiri! Wanaangalia mbele! Hawavai blanketi!"

"Na gari ikisimama, tairi bado iko. Nyumba iko na tairi?"

"Na nyumba iko na mlango, iko na dirisha, iko na taa. Gari haina?"

Mathenge akakuna kichwa. Nami nikakuna changu. Kwa kweli mama alikuwa amesema jambo.

Tulikuwa bado hapo tunabishana wakati mhudumu wa hoteli alipotuita. Simu. Kutoka Kisumu.

Hakuna mtu wa Kisumu anayepiga simu Italia kusalimia.

Aliyepiga alikuwa Mwihaki, mke wa Mathenge, kutoka dukani kwao. Mathenge akasikiliza, akanipa mkono wa simu. "Mzee Obiero yuko hapo dukani," akasema. "Ametoka Kombewa asubuhi asubuhi. Anakutaka."

"Dalmas!" Mzee Obiero aliamini simu ya mbali inahitaji sauti kubwa, hata wageni waliokuwa wakinywa chai waligeuka. "Aoko amejifungua! Hospitali ya Kombewa! Kijana!"

Nilipiga magoti pale pale. Nililia. Mama mkwe alipoambiwa alipiga vigelegele, akacheza hoteli nzima, akamkumbatia mhudumu, akamkumbatia Lucia ambaye ndiyo kwanza anaingia na mwavuli wake. Nilikuwa baba. Nilitamani kuruka mpaka Kombewa nimshike.

"Ana afya, Mzee?"

"Ana afya. Aoko pia ana afya." Sauti ikashuka kidogo. "Lakini tangu alfajiri analia. Titi hataki. Daktari ameangalia, hakuna kitu. Akina mama wameangalia, wakaangaliana. Dalmas, wazee wananiuliza, na mimi nimekuja kukuuliza. Mmelala wapi?"

Nikamgeuzia mama mkwe mgongo.

"Mzee, mimi nimelala nje. Kwa gari."

"Wewe ni mwanaume, unampenda mke wako, unaweza danganya. Mpe Dorca. Huyo hajadanganya mtu tangu abatizwe."

Ni kweli. Kombewa nzima wanajua. Mama Dorca samaki ikilala anasema imelala, hata kama mnunuzi ameshatoa pesa. Nikamwekea simu mezani, nikarudi nyuma ili mikono yetu isigusane, naye akaichukua.

"Obiero. Ni mimi."

"Mkwe amelala wapi?"

"Kwa gari. Nje."

"Asante Mungu. Na wewe?"

Mathenge akauweka mkoba wake chini.

Nikaona mambo yote mawili kwa mara moja. Akisema ukweli kwamba tulilala pamoja, jioni hiyo Aoko atatolewa hospitali pamoja na mwanangu nisiyemjua, apelekwe kwao, na mimi nitarudi Manyatta kwenye nyumba tupu. Akisema hakuna mwiko uliovunjwa, na kumbe umevunjwa, basi hakuna mzee atakayefanya la kuondoa chira, na yule mtoto ataendelea kulia mpaka sijui lini. Nilimtaka Aoko. Nilimtaka mtoto anyonye. Sikujua ni lipi linaua lingine.

"Dorca!" Obiero akaita. "Na wewe ulilala wapi?"

Mama mkwe akafunika simu kwa kiganja. Akanigeukia. Tangu nimwoe Aoko mama huyu hajawahi kunitazama machoni, daima alitazama bega langu au kiatu changu. Asubuhi ile alinitazama, na macho yake yalikuwa ya Aoko kabisa.

"Dalmas, mwanangu," akasema taratibu, "mimi nimeuza samaki maisha yangu yote, mambo ya magari sijui. Wewe ni fundi. Ile gari ni nyumba ama si nyumba?"

"Mama, mimi..."

"Fikiria vizuri, kwa sababu ni mjukuu wangu analia. Halafu sema. Ile utasema, ndio nitamwambia."